Bamba la Mgongoni mwa Kadi ya Grafiki na Uwazi wa Milimita Tatu

Mtu anayetazama kompyuta yake kupitia kioo cha ubavuni huona zaidi mgongo wa kadi ya grafiki kuliko sehemu yake nyingine yoyote. Katika kasha la kawaida la kusimama, kadi hulala feni zikiwa zimeelekea chini na mgongo ukiwa umeelekea juu, kwa hiyo mapambo yaliyowekwa upande wa feni hufichika, na kinachobaki machoni ni bamba jembamba linalofunika bodi. Ndiyo sababu wengi wanaotaka kuipa kompyuta sura yao wenyewe huanza na bamba hilo: wengine hutaka kuondoa la kiwandani na kufunga jingine lenye mchoro au rangi waliyoichagua, na wengine wana kadi ambayo haikuja na bamba hata kidogo na mgongo wake uko wazi.

Kazi hii huelezwa mara nyingi kana kwamba ni kukifunika chungu: pima, kata, kaza skrubu. Ukweli ni kwamba bamba huingia katika mfumo ambamo mambo matatu hukutana mahali pamoja, yaani nguvu ya kubana, umeme na joto, na mahali penyewe ni ule uwazi wa milimita mbili au tatu uliopo kati ya bamba na bodi. Karibu kila kosa ninalolijua katika kazi hii, kuanzia kadi inayokataa kuwaka hadi kadi inayopata joto kuliko ilivyokuwa, chanzo chake ni uwazi huo kutopimwa au kutoeleweka.

Kwanza ifahamike bamba hufanya nini na halifanyi nini. Linazikinga kapasita ndogo zilizolehemiwa mgongoni mwa bodi, ambazo baadhi yake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti na zinaweza kung'olewa na bisibisi iliyoteleza mara moja tu. Pia linaipa bodi uimara. Bodi ya kadi ina unene wa takriban milimita 1.6, ilhali kipozeo kilichofungwa upande wa pili kinaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Ukinzani wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, maana yake unene ukiongezwa maradufu, ukinzani huongezeka mara nane. Lakini aina ya kitu chenyewe nayo ina uzito wake, kwa kuwa alumini ni ngumu zaidi ya mara 20 kuliko akriliki. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaona kwamba bamba la alumini la milimita 1.5 hukataa kupinda karibu mara tatu zaidi ya bamba la akriliki la milimita 3, ingawa kwa macho la akriliki ndilo linaloonekana nene na imara. Hata hivyo, bamba halizuii kadi nzima kuinamia chini upande wa mbali na mabano yake, yaani kile kipande cha chuma kinachoifunga kadi kwenye kasha. Kuinama huko hutokana na kadi kushikwa upande mmoja tu, na dawa yake ni kuiwekea kadi mhimili wa kuiegemeza. Anayenunua bamba akitarajia kwamba litaondoa mwinamo huo atakuwa ametumia fedha zake mahali pasipofaa.

Sasa tuingie kwenye uwazi wenyewe. Vipimo rasmi vya kadi za PCI Express, yaani mfumo wa sloti za ubao mama ambamo kadi hizi huchomekwa, huruhusu vifaa vilivyo mgongoni mwa bodi kuchomoza hadi milimita 2.67, na umbali kati ya sloti moja na inayofuata ni milimita 20.32. Takwimu hizo mbili zinatosha kuonyesha hali ilivyo: mgongoni kuna vitu vyenye kimo, na juu ya mgongo huo kuna majirani ambao nao wana nafasi yao. Vitu virefu zaidi kwa kawaida si chipu bali ni mikia ya miguu ya vifaa vilivyopenyezwa kutoka upande wa mbele, hasa kapasita kubwa na plagi ya umeme, ambayo hutokeza mgongoni ikiwa na tone la lehemu lenye ncha kali. Chukua kalipa, tumia ule ujiti wake wa kupimia kina, na upime kutoka uso wa bodi hadi ncha ya mkia mrefu kuliko yote. Ukipata, kwa mfano, milimita 1.8, nguzo ndogo za milimita 3 zinazoliinua bamba juu ya bodi zitakuachia nafasi ya milimita 1.2 kabla ya bamba kuugusa mkia huo, na hiyo ni nafasi ya kutosha mradi bamba halibonyei katikati linaposukumwa kwa kidole. Halafu jumlisha kwa upande wa nje: nguzo za milimita 3 na bamba la milimita 3 humaanisha kwamba mgongo wa kadi umepanda kwa milimita 6. Kabla ya kukata chochote, hakikisha milimita hizo hazigongani na kipozeo cha prosesa, na vibanio vya sloti za RAM, au na kipozeo cha diski ya M.2 iliyo karibu.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni skrubu. Mgongo wa kadi huwa na skrubu nyingi zinazofanana, na anayeanza huzichukulia zote kuwa za kushikilia bamba, ilhali zipo za aina tatu zenye kazi tofauti kabisa. Zipo za kwenye mabano ya chuma yanayoishikilia kadi kwenye kasha, na hizo hazituhusu sana. Zipo za pembezoni, ambazo huunganisha bamba, bodi na fremu ya kipozeo. Na zipo nne zinazoizunguka chipu kuu kwa umbo la mraba, mara nyingi zikiwa na springi ndogo au zikiwa zimepita kwenye kipande cha chuma chenye umbo la msalaba. Hizi nne ndizo zinazokibana kipozeo dhidi ya chipu. Ukizilegeza, hata kwa dakika moja, mgusano wa pasti ya joto iliyo kati ya chipu na kipozeo huvunjika, na huwezi kuzikaza tena ukatarajia hali irudi ilivyokuwa: itakubidi ukitoe kipozeo kizima, usafishe pasti ya zamani, upake mpya, na mara nyingi ubadilishe pedi za joto zilizochanika.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kadi yoyote ni hili: je, bamba la kiwandani limebanwa na skrubu nne za chipu, au limeshikwa na zile za pembezoni peke yake? Kama ni za pembezoni peke yake, ziache zile nne kama zilivyo na ukate dirisha katika bamba jipya ili zibaki wazi. Huu ndio ushauri ninaompa kila anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza, hata kama dirisha hilo linaharibu mchoro kidogo, kwa sababu mchoro unaweza kuchorwa upya ili ulikubali dirisha.

Kama skrubu za chipu hupita ndani ya bamba, hesabu ya urefu huwa haina mbadala. Tuseme bamba la zamani lina unene wa milimita 1, jipya lina milimita 3, na meno ya skrubu huingia katika kipozeo kwa milimita 4. Ukiitumia skrubu ileile, meno yatakayoingia ni milimita 2 tu, na kwa skrubu ya M2.5 (yenye kipenyo cha milimita 2.5), ambayo meno yake yamepishana kwa milimita 0.45, hiyo ni mizunguko minne na kitu. Itashika, lakini itashika kwa shida, na springi itakuwa imebanwa kwa kiasi tofauti na kilichokusudiwa, jambo ambalo hubadilisha mkandamizo juu ya chipu. Kinyume chake ni skrubu ndefu kupita kiasi, ambayo hufika mwisho wa tundu kabla kichwa chake hakijalibana bamba. Mkono huhisi kwamba imekaza, kumbe bamba linacheza. Kanuni ni nyepesi: urefu mpya ni urefu wa zamani pamoja na tofauti ya unene wa mabamba na tofauti ya kimo cha nguzo. Upana nao usikisiwe. Kadi nyingi hutumia M2, M2.5 au M3, na skrubu ya M3 iliyolazimishwa kuingia kwenye tundu la M2.5 huyaharibu meno ya tundu hilo moja kwa moja.

Upande wa umeme, hatari huwapo pale bamba linapokuwa la kitu kinachopitisha umeme. Sloti huipa kadi hadi wati 75, na kila plagi ya pini nane huongeza hadi wati 150, ambazo kwa volti 12 ni ampea 12.5. Mkondo wa ukubwa huo ukipata njia ya mkato kupitia bamba, kinachotokea si cheche ndogo tu bali ni shoti inayoweza kuunguza njia za shaba ndani ya bodi. Wapo wanaoamini kwamba alumini iliyotiwa rangi kwa njia ya umeme iko salama kwa kuwa utando wake wa juu haupitishi umeme. Ni kweli kwamba utando huo unahami, lakini unene wake hupimwa kwa maikromita, na ncha ya lehemu inayousugua kila feni zinapotikisika itaukwaruza hadi kuufikia chuma. Nyuzi za kaboni, zinazopendwa kwa mwonekano wake, nazo hupitisha umeme, na hilo huwashtua wengi. Njia ya uhakika ni kubandika karatasi ya plastiki ya kuhami au utepe wa poliimidi (utepe wa kuhami unaostahimili joto) upande wote wa ndani wa bamba la chuma. Ukilifungua bamba la kiwandani, mara nyingi utaikuta karatasi kama hiyo tayari, na unaweza kuitumia kama kielelezo.

Kuhusu matundu ya bodi, angalia pete ya shaba iliyo wazi kuzunguka kila tundu. Pete hiyo kwa kawaida imeunganishwa na mstari wa ardhi, kwa hiyo kichwa cha skrubu ya chuma kuigusa hakuleti tatizo. Tatizo ni nguzo iliyo pana kuliko pete: ukingo wake hukalia kapasita au njia ya umeme iliyo jirani na kuiponda taratibu. Pale ambapo nafasi imebana, washa (pete bapa) ya nailoni yenye kipenyo kisichozidi cha pete huondoa wasiwasi huo.

Joto ndilo eneo ambalo maelezo hutofautiana sana, na tofauti hizo huwa na sababu. Bamba la alumini lililokaa juu ya bodi bila kuigusa halipozi karibu kitu chochote, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ni kihami kizuri. Likiunganishwa na bodi kwa pedi za joto (vipande laini vinavyopitisha joto) kwenye sehemu zenye moto, yaani nyuma ya chipu za kumbukumbu na nyuma ya sehemu ya kurekebisha umeme, huanza kuwa kipozeo cha pili. Mfano ulio wazi ni kadi ya Nvidia RTX 3090 ya mwaka 2020, yenye GB 24 za kumbukumbu zilizogawanywa katika chipu 24, ambapo 12 kati yake ziliwekwa mgongoni mwa bodi. Kwa kadi hiyo bamba la nyuma si pambo, kwani ndilo njia ya chipu hizo 12 kutoa joto lake. Katika RTX 3090 Ti ya mwaka 2022 zilitumika chipu 12 za GB 2 kila moja, zote zikiwa upande wa mbele, na mzigo wa bamba ukapungua. Kwa hiyo anayesema kwamba alifunga bamba la akriliki na hakuona mabadiliko yoyote anaweza kuwa anasema kweli kuhusu kadi yake, na ushauri wake ukawa wa hatari kwa kadi yako.

Namna ya kujua ni kulifungua bamba la zamani na kutazama upande wake wa ndani. Ukiona pedi, au alama za mraba zenye mafuta mafuta pale pedi zilipokuwa, basi bamba hilo linafanya kazi ya kupoza, na jipya halina budi kuirithi. Alumini hupitisha joto kwa zaidi ya wati 130 kwa mita kwa kila nyuzi moja; akriliki hupitisha takriban wati 0.2. Hakuna pedi, hata iwe bora kiasi gani, itakayoiziba tofauti hiyo. Unene wa pedi nao hutokana na uwazi uleule: kama nguzo zina milimita 3 na chipu ina kimo cha milimita 1.1, unabaki uwazi wa milimita 1.9, na pedi laini ya milimita 2 itabanwa kidogo na kugusa pande zote mbili. Ya milimita 1.5 haitagusa kabisa. Ya milimita 3 italisukuma bamba na kuipinda bodi.

Kadi zenye bodi fupi zina sharti la ziada. Katika RTX 3080 Founders Edition ya mwaka 2020, feni moja husukuma hewa kupitia sehemu ya nyuma isiyo na bodi, na muundo huo umeigwa katika kadi nyingi zilizofuata. Ukilifunika dirisha hilo kwa bamba zima lenye mchoro mzuri, umeziba pua ya kadi. Mchoro lazima uishie pale hewa inapotokea, au ukatwe matundu mapana ya kuipitisha.

Kwa upande wa malighafi, akriliki hukatwa vizuri kwa leza ya kaboni dioksidi, huja kwa rangi nyingi na haipitishi umeme, ila huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Plastiki ya PLA inayotumiwa na printa za 3D hulainika karibu na nyuzi 60, joto ambalo mgongo wa kadi hulipita bila shida, kwa hiyo haifai hapa hata kama bamba limetoka likiwa zuri namna gani. Alumini ndiyo chaguo langu pale ambapo bajeti na mashine vinaruhusu. Lakini kama bamba lako la zamani lina pedi na lengo lako ni sura tu, lililo bora zaidi ni kuliacha mahali pake na kulibandikia stika ya vinili au karatasi nyembamba ya akriliki iliyochongwa, ukiyaacha matundu yote ya hewa na vichwa vya skrubu wazi. Sumaku hazitasaidia, kwa sababu alumini haivutwi na sumaku.

Upimaji wa matundu ndio unaokula muda, na unastahili. Picha ya simu haifai kwa kuwa lenzi hupindisha pembe. Skana ya kulaza hutoa matokeo mazuri zaidi: kwa nukta 600 kwa inchi, kila nukta ni takriban milimita 0.04, na mgongo wa kadi unaonekana kama utakavyoonekana kwa mtazamaji, bila kugeuzwa. Kioo cha skana kifunikwe kwanza kwa karatasi angavu ili mikia ya lehemu isikikwaruze, na kadi iwekwe taratibu kwa sababu ya uzito wake. Kisha chagua matundu mawili yaliyo mbalimbali kabisa, pima umbali wake kwa kalipa, na ulinganishe na picha. Chora matundu, chapisha kwa ukubwa halisi wa asilimia 100, bandika kwenye kadibodi, kata, na uijaribu kadibodi hiyo juu ya kadi yenyewe kabla ya kugusa malighafi ya gharama.

Bamba langu la kwanza la akriliki nililitoboa matundu ya milimita 2.5 kwa ajili ya skrubu za M2.5, nikiamini kwamba usahihi ni ubora. Skrubu mbili ziliingia. Ya tatu ilihitaji kusukumwa kidogo, na papo hapo ufa ukaanza kwenye tundu ukakimbia hadi ukingoni. Tundu la kupitisha M2.5 linatakiwa kuwa na takriban milimita 2.9, na la M3 milimita 3.4. Ipo sababu nyingine ya kuacha nafasi. Akriliki ya urefu wa milimita 270 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa milimita 0.75 hivi, ilhali bodi iliyo chini yake haifikishi milimita 0.2. Tofauti hiyo lazima ipate pa kwenda. Kwa hiyo matundu ya upande wa mabano yawe ya duara, na yale ya mwisho wa pili yarefushwe kidogo kwa kufuata urefu wa kadi, ili bamba liteleze badala ya kujikunja.

Kabla ya kuupeleka mchoro kwenye leza, ugeuze uone utakavyokaa. Kadi ikiwa mezani, wengi huiweka ukingo wa dhahabu, yaani ule unaoingia kwenye sloti, ukiwaelekea na huandika maandishi yao kwa mkao huo. Ndani ya kasha, ukingo wa dhahabu uko mbali na mtazamaji, umezama kwenye ubao mama, na mabano yako upande wake wa kushoto. Maandishi kwa hiyo yasomeke ukingo wa dhahabu ukiwa juu. La sivyo yatakaa kichwa chini. Na kama kadi yako imesimamishwa wima feni zikitazama kioo, mgongo utauelekea ubao mama na hakuna atakayeuona.

Akriliki iliyotoka kwenye leza isifutwe kwa spiriti. Kingo zilizokatwa kwa joto hubaki na msongo ndani yake, na spiriti huzifanya zitoe nyufa nyembamba kama nywele ambazo haziondoki tena. Maji na sabuni kidogo vinatosha. Wanaoongeza taa wakumbuke kwamba taa za pini tatu hutumia volti 5 na za pini nne hutumia volti 12, na taa za volti 5 zikiunganishwa na volti 12 huungua.

Wakati wa kufunga, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki iishe, na ushike chuma cha kasha kabla ya kuishika kadi. Ingiza skrubu zote kwa mizunguko michache kwanza, kisha kaza kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, kwa bisibisi ya mkono. Kama bamba ni la chuma, chukua multimita, iweke kwenye hali ya kulia inapokuta njia ya umeme, na upime kati ya bamba na pini za volti 12 kwenye plagi ya umeme: isilie kabisa. Ikilia kati ya bamba na mabano ya kadi, hilo ni la kawaida, kwani skrubu zimeliunganisha bamba na mstari wa ardhi.

Nyuzi za joto za chipu na za kumbukumbu ziandikwe kabla ya kazi kuanza, chini ya mzigo uleule na kwa muda uleule, nusu saa kwa mfano, ili baada ya kufunga uwe na cha kulinganisha. Tofauti ya nyuzi moja au mbili inaweza kutokana na hewa ya chumba. Nyuzi nane au kumi kwenye chipu zinamaanisha kwamba mkandamizo umebadilika na kipozeo kinahitaji kufunguliwa. Zikiwa kwenye kumbukumbu peke yake, pedi fulani haigusi. Pedi mpya huendelea kutulia kwa siku kadhaa za kupata joto na kupoa, kwa hiyo baada ya wiki moja izime kompyuta, iache ipoe, na uzipitie tena skrubu za pembezoni kwa robo mzunguko, bila kuzigusa zile nne za chipu.